Rekodi ya Dodong na Kikapu Nilichokirudisha

Siku nilipoanza kazi ya meza ya alama sikujua hata mpira wenyewe una ukubwa gani. Nilikuwa karani wa hesabu ya makontena Jebel Ali, mwaka wangu wa pili, na Msimamizi wa Zamu alinijia kofia mkononi. Bwana yule hakuwa na desturi ya kumvulia mtu kofia. Nikajua ana shida.

"Bi Raya, wewe unajua kuhesabu," akasema. "Ijumaa asubuhi njoo uwanjani nyuma ya bohari. Meneja anataka karani."

"Kuhesabu nini, sir?"

"Utaona huko huko. Yalla, usisahau penseli."

Nikashuku pale pale. Kazi ya halali mtu huelezwa kabla hajaenda. Usiku kucha niliwaza labda wana mzigo wa magendo wanataka sahihi yangu, na Ijumaa nikaenda na penseli tatu pamoja na kaka yangu awe shahidi. Tukakuta kiwanja cha mchanga ulioshindiliwa, mistari ya chokaa, na wanaume wazima wamevaa suruali za kubana kama watoto wa maonyesho. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wewe Raya, hawa hata magendo hawawezi," akaenda zake.

Ule ulikuwa mchezo wa besiboli. Makampuni ya bandarini yalikuwa na ligi yao: timu ya Bohari, timu ya Kreni, timu ya Ofisi, na baadaye timu ya Walinzi. Wafilipino walikuwa wengi, Wajapani wachache, Wamarekani wawili watatu waliopiga kelele kuliko wote. Meneja wa Bohari aliupenda mchezo ule kuliko chakula. Alinipa meza, mwavuli na karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, akaniambia neno ambalo nililibeba miaka yote: "Andika ulichokiona. Usiandike ulichokitaka wewe wala ninachokitaka mimi."

Nikapenda neno lile, maana ndivyo tulivyofunzwa yadini. Karani wa makontena anasimama penye kreni, anaandika namba ya kila kontena linaloshuka, anatazama lakiri kama imekatwa. Kontena likifika, limefika. Likiwa limebonyea ubavu, unaandika kwenye safu ya maelezo pembeni, "ubavu wa kushoto umebonyea," lakini hesabu yako haipungui kwa ajili ya kubonyea. Kwa hiyo uwanjani nikafanya vivyo hivyo. Mpigaji akigonga mpira kwa gongo, akakimbia, akafika kwenye kile kimto cheupe wanachokiita kituo cha kwanza, nilimwandikia pigo moja. Na kama nimeona kitu njiani, kwa mfano mdakaji kaangusha mpira, nilikitia kwenye safu ya maelezo. Msimu mzima nikaenda hivyo, na kila mtu akanisifu kwa mwandiko.

Nyinyi vijana mnaotumia simu kuandika alama hamjui kazi ile ilivyokuwa. Kila mdakaji uwanjani ana namba yake, moja mpaka tisa. Mrushaji wa mpira ni namba moja. Yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu ni namba sita, na huyo ndiye anayeshughulika kuliko wote. Ukiona kwenye karatasi yangu sita, mstari, tatu, maana yake namba sita kaudaka mpira, kamtupia namba tatu wa kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika, mpigaji katoka. Mchezo wote unaweza kuusoma miaka ishirini baadaye kama barua.

Msimu wa pili akaja Katibu wa Ligi mpya, Mkenya kutoka Nyeri, mhandisi wa mitambo, mtu wa kanuni hasa. Alisimama nyuma ya kiti changu nusu saa, na miye sipendi mtu nyuma ya kiti changu. Halafu namba sita wa Ofisi akaangusha mpira mwepesi kabisa, mpigaji akafika kituoni, nikaandika pigo.

"Madam, hapo hapana," akasema.

"Hapana nini? Kafika, sikumbeba miye."

"Amefika, ni kweli. Lakini ameletwa na kosa la mwenzake. Huo mpira mdakaji yeyote wa kawaida angeushika. Mpigaji akae kituoni, sawa, lakini pigo usimpe. Andika kosa, na uandike namba ya aliyekosa. Kosa haliachwi bila mwenyewe, Madam."

Niliona haya, na mtu akiona haya huwa mkali. Nikamwambia, "Basi ungelikuja mwaka jana." Lakini tangu siku ile niliifuata kanuni ile bila kupinda. Ukiangusha mpira wa kudakika, namba yako inaingia kwenye daftari langu, uwe mpishi, uwe meneja.

Wiki hiyo hiyo Dodong akanijia mezani. Dodong alikuwa mwendesha kreni, Mfilipino, mtu mfupi mwenye mikono ya chuma, mpigaji bora kuliko wote tuliowahi kuwaona Jebel Ali. Alisimama kando ya mwavuli akikunakuna kichwa. "Ma'am," akasema kwa kile Kiswahili chake cha bandarini, "yale ya mwaka jana, ya kwangu, mimi nataka sema kitu."

Hata sikumwacha amalize. Mchezaji kuja mezani kuzungumzia mapigo yake? Nimeshaona makuli wangapi wanaonijia kutaka niwaongezee kontena moja kwenye zamu! Nikamwambia, "Mezani kwa mwandishi mchezaji haji. Rudi ulikotoka, khalas." Akainama kidogo, akaenda. Hakunijia tena kwa jambo lile.

Basi miaka ikaenda. Kutoka yadini nikahamishiwa ofisi ya nyaraka pale pale bandarini, kisha kampuni ikafungua ofisi Silicon Oasis nikapelekwa huko, nikawa nasafiri mbali kwenda kukaa kwenye kiyoyozi na kupata mafua. Mkuu wa Nyaraka kule alikuwa mama mmoja wa Kihindi, tulimwita Madam Mkuu, na yeye ndiye aliyeniambia, "Raya, wewe hata saa ya ukutani unaishuku." Ni kweli niliishuku, ilikuwa inakwenda mbele dakika nne. Lakini siku ya mapumziko, Ijumaa zamani na Jumamosi siku hizi, nilikuwa mezani Jebel Ali mapema kabla jua halijawa kali.

Kushuku ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Meneja mmoja wa Ofisi alikuwa na shemeji yake kwenye timu, mvivu wa kukimbia. Siku moja aliniletea chai ya karak kwa mkono wake mwenyewe, akainama, "Bi Raya, ile ya kwanza, hebu ihesabu pigo. Kijana anataka kumtumia picha mama yake." Nikaisukuma ile chai mpaka ukingoni mwa meza. Nikamwambia mama yake nitamwandikia barua miye, nimweleze. Mwingine aliniita dada, mwingine akaniita mama, mwingine akaniita shangazi, na kila nilipozidishiwa udugu nilitazama penseli yangu iko wapi. Na kwa kuwa ofisini sikumwamini mtu, karatasi zote za michezo nilikaa nazo mwenyewe nyumbani, Al Mankhool, kwenye kabati la chumba cha mwanangu, na ufunguo shingoni. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuligusa kabati lile.

Dodong alicheza mpaka nywele zikaingia mvi, kisha akarudi kwao. Siku aliyoondoka, karakana ya bandari ilipaka ubao wa bati, ukafungwa kwenye uzio: DODONG, MAPIGO 340. Watu wakasema rekodi ile haivunjwi mpaka kiyama. Na sababu waliijua wote. Hapa watu hawakai. Mtu anakuja kwa mkataba wa miaka miwili, anaongeza miwili, visa inakatwa au mama anaumwa nyumbani, kaondoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kufika mapigo mia tatu na arubaini kunataka mtu apige vizuri, na kunataka pia kampuni yake isifungwe, kafeel, yaani mdhamini wa visa, asigeuke, goti lisivunjike, na zamu yake isiangukie siku ya mchezo kwa miaka kumi na tano. Nani ana bahati hiyo?

Wakati wa mapumziko ya mchezo, Meneja na Katibu yule wa Nyeri walipenda kubishana juu ya rekodi kubwa za Marekani, zile za wachezaji wa zamani waliocheza kabla babu zetu hawajaoa. Katibu alishikilia kuwa nyingine haziwezi kuvunjwa tena. Mrushaji wa zamani alirusha mchezo mzima, kesho kutwa akarusha tena, mpaka mkono ukaisha. Leo mrushaji anapumzishwa kama mgonjwa, anabadilishwa katikati ya mchezo, sasa huo ushindi mwingi ataupata wapi? Meneja akasema kila rekodi ina wa kuivunja, mtoto bado ananyonya mahali fulani.

Wakanigeukia. "Bi Raya, wewe je?"

Nikasema, "Miye kwanza nionyesheni aliyekaa mezani siku hizo. Nani alimfunza? Alijua tofauti ya pigo na kosa? Au alikuwa karani tu wa kuokotwa, akipewa penseli na kuambiwa yalla, andika? Msiniletee rekodi ya mtu asiyekaguliwa."

Wakacheka sana. Katibu akasema, "Madam, utamshuku hata maiti." Nami nikacheka, nikaona nimewaweza.

Sasa nikwambieni habari ya Wasswa. Wasswa ni Mganda, mlinzi wa lango namba nne, mtu mrefu, mpole, pacha. Mchezo ule alikuwa ameujifunza kwao, shuleni, tangu yuko darasa la tano, na alikuja Dubai akiujua kuliko Wamarekani wetu. Alicheza timu ya Walinzi. Alisimama langoni zamu ya saa kumi na mbili, akavua sare, akaja uwanjani akapiga. Dodong alikuwa bado yupo miaka ile ya mwanzo ya Wasswa, na ingawa walikuwa timu mbalimbali walikaa pamoja baada ya mchezo, Dodong akimwonyesha namna ya kushika gongo. Niliwaona wakinong'ona na kutazama upande wa meza yangu. Nikawashuku wote wawili.

Wasswa akakaa. Mwaka ukapita, watano, kumi, na Wasswa yupo. Kampuni mbili za ulinzi zilifungwa, akahamia ya tatu, bado lango namba nne. Mapigo yake yakapita mia mbili, yakapita mia tatu, na watu wakaanza kuutazama ule ubao wa bati. Miye nikazidi kukaza macho. Niliwaza: warushaji wanamwonea huruma, wanamrushia mipira laini. Niliwaza: ile misimu miwili nilipokwenda Hija na nilipofanyiwa operesheni ya jicho, waliokaa mezani badala yangu walimwongezea. Sikuwa na ushahidi hata mmoja.

Halafu ikaja ile asubuhi ya kikapu. Ilikuwa mchezo wa kawaida, joto limeanza, watazamaji hawafiki ishirini. Wasswa akapiga pigo moja safi kupita katikati. Mchezo ulipokwisha akaja mezani, kofia kifuani, ameshika kikapu cha ukili wa rangi nyekundu na nyeusi, kile wanachosuka kwao Uganda, na ndani karanga za kukaanga.

"Mama Raya," akasema, "kimetoka kwa mama yangu mzazi. Nimekuletea. Asante."

"Asante ya nini?"

Akasitasita. "Ya kuandika, Mama."

Ya kuandika! Mtu yuko mapigo machache kufikia rekodi, ananiletea kikapu kwa ajili ya kuandika! Damu ilinipanda. Nilisimama, nikasema kwa sauti wasikie wote, "Wasswa, miye sinunuliwi kwa karanga. Ondoa hongo yako mezani kwangu." Yule mtu alikiokota kikapu chake kwa mikono miwili, akasema, "Samahani, Mama," akaondoka bila kutazama nyuma. Nikakaa, nikaandika kwenye safu ya maelezo, kama kawaida yangu: *Mchezaji kaleta kikapu mezani. Kimerudishwa.* Nikajiona shujaa.

Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwangu, nilikuwa nastaafu. Ukawa wa mwisho kwa Wasswa pia, mkataba wake umekwisha na umri hawamwongezei tena, tiketi imekatwa ya Jumanne. Mchezo wa mwisho ukaangukia Jumamosi. Hesabu yangu ilisema ana mapigo mia tatu thelathini na saba. Akipiga matatu analingana na Dodong, akipiga manne anavunja. Watu walikuja kutoka kila mahali, hata wahudumu wa hoteli za Al Mankhool walikodi basi dogo.

Akapiga la kwanza. Akapiga la pili, mia tatu thelathini na tisa, mpira ukaruka hadi uzioni chini ya ubao wa Dodong. Kelele! Kisha mara mbili mpira wake ukadakwa, akatoka. Ikaja zamu yake ya mwisho. Akaugonga mpira ukaenda moja kwa moja kwa namba sita wa Ofisi, kijana wa Kikuyu aliyekuwa jirani yake kambini. Mpira ulimfika mikononi. Ukaanguka. Akauokota, ukamponyoka tena, na Wasswa kafika kituoni.

Watu walishangilia kama harusi. Kisha mmoja mmoja wakakumbuka, wakanigeukia. Mwamuzi akanigeukia. Wasswa naye, amesimama kwenye kimto cheupe, akanitazama.

Angalau angelingana na Dodong. Moja tu. Nilijua kabisa anaondoka Jumanne na hatarudi. Lakini mpira ule mtoto angeudaka, na moyoni nilishuku yule kijana kauangusha makusudi. Nikainua mkono, nikaonyesha alama ya kosa, nikaandika sita.

Walinizomea. Mwanamke mmoja Mkenya alipiga kelele, "Wewe mama, una roho gani?" Wasswa alinyoosha mkono kuwanyamazisha. Akasema, "Ni kosa. Mama ameandika alichokiona." Akavua glavu zake za kugongea akazikunja, na mchezo ukaisha.

Katibu alikuja nikiwa nakunja mwavuli. "Madam, sasa unastaafu. Hizo faili za kabatini si utupatie?"

"Nitakupa nikishazikagua," nikasema. Kwa kweli nilitaka kujiridhisha. Walikuwa wamenizomea, na miye nikizomewa hutafuta haki yangu. Nilikuwa na hakika nitakuta mapigo ya uongo katika ile misimu miwili nisiyokuwepo, niwaonyeshe kwamba hata hayo mia tatu thelathini na tisa Wasswa kapewa.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, nikafungua kabati. Nikatandaza karatasi sebuleni, mwanangu akapita akasema "lo!" akatoka. Nilianza na Wasswa. Msimu kwa msimu, pigo kwa pigo. Yote safi. Waliokaa badala yangu walikuwa wakali kunishinda. Sikukuta hata moja la kumnyang'anya.

Nikachukua za Dodong ili nilinganishe. Msimu wa pili, sawa. Wa tatu, sawa. Nikarudi kwenye msimu wa kwanza, karatasi za njano, mwandiko wa ujana wangu. Pigo. Na pembeni kwenye safu ya maelezo, kwa mkono wangu mwenyewe: *Namba sita kaangusha.* Nikageuza. Pigo. *Namba nne kauachia ukapita miguuni.* Pigo. *Namba sita kaangusha tena.*

Kontena likifika, limefika. Msimu mzima niliwahesabia watu makosa ya wenzao kuwa mapigo yao, na Katibu aliponisahihisha nilisahihisha ya mbele tu. Ya nyuma sikuyagusa, maana nilikuwa nimeona haya. Nilihesabu mara tatu. Manane. Manane ya Dodong hayakuwa mapigo. Rekodi ya kweli ilikuwa mia tatu thelathini na mbili.

Wasswa alikuwa amekwisha kuivunja, basi. Nikaitafuta siku ya pigo lake la mia tatu thelathini na tatu. Mchezo wa kawaida, asubuhi ya joto, pigo safi kupita katikati. Nikasoma safu ya maelezo: *Mchezaji kaleta kikapu mezani. Kimerudishwa.*

Nililia, sioni haya kusema. Nyani haoni kundule. Miaka yote nilimshuku mrushaji, nikamshuku mdakaji, nikamshuku mpaka maiti wa Marekani, na karani wa kuokotwa asiyejua pigo na kosa nilikuwa miye mwenyewe, na kabati nimelifunga asije mtu akaliona.

Jumatatu asubuhi nikapanda metro laini nyekundu mpaka Jebel Ali, karatasi kifuani. Nilimkuta Wasswa kambini, anafunga sanduku kwa kamba. Aliponiona aliruka kunitafutia kiti.

"Karibu, Mama. Wewe huku? Umepotea?"

"Kaa kitandani unisikilize," nikasema. Nikamwonyesha zote nane, moja moja, na kidole. Nikamweleza habari ya kontena. Nikamwonyesha siku ya kikapu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema taratibu, "Mama, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Dodong aliniambia siku anaondoka. Alikuwa na daftari lake dogo la mfukoni. Aliniambia, ubao watapaka mia tatu arubaini, lakini yangu ni mia tatu thelathini na mbili, wewe fuata hiyo. Alitaka kukuambia zamani, ukamfukuza mezani."

Nikamkumbuka Dodong anakunakuna kichwa. "Na wewe? Kwa nini hukusema? Jumamosi mbele ya watu wote wale, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Mama? Ningesema Mama Raya alikosea? Uko mezani tangu mimi sijaota ndevu. Watu wangeshuku kila karatasi yako. Hata zangu." Akatabasamu. "Nilipopita ile ya Dodong ya kweli, nilitaka nikushukuru tu. Maana wewe ndiye uliyeyaandika ya kwangu bila kuniongezea hata moja. Nikajua yangu ni ya kweli."

Nilimshika mkono nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na hukuwa na kosa."

"Yameisha, Mama." Akainama chini ya kitanda, akavuta kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nyekundu na nyeusi. "Karanga tulikula sisi. Lakini kikapu kipo. Sasa mimi si mchezaji tena, na wewe kesho si mwandishi. Unaweza kupokea?"

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Nilitoka kambini nikaenda moja kwa moja kwa Katibu. Nikaweka ufunguo wa kabati mezani kwake, nikamweleza yote, nikamwomba awaite watu wa karakana. Saa nane mchana, juani, walipaka ubao upya, WASSWA 339, na chini yake DODONG 332, na Wasswa akaja na sare ya lango namba nne kwa mara ya mwisho kuutazama. Kijana wa Kikuyu alimbeba mabegani. Jumanne akaondoka.

Kwenye karatasi za msimu wa kwanza niliyafuta yale mapigo manane, nikaandika kosa. Lakini wadakaji wale walikuwa wameshaandikwa pembeni, kosa hili lilikuwa la mtu mwingine, na nilikumbuka kuwa kosa haliachwi bila mwenyewe. Namba za uwanjani zinaishia tisa, mwandishi hana namba. Nikaandika kumi, mara nane, na sahihi yangu.

Sasa nimestaafu. Nakaa Al Mankhool na wajukuu, vitunguu vyangu naviweka kwenye kikapu cha mama yake Wasswa, na Katibu hunipigia simu kunisalimu. Juzi aliniuliza tena kwa utani, "Madam, zile rekodi za Marekani, unaonaje, zitavunjwa?" Nikamjibu kwamba sijui. Huenda nyingine zilishavunjwa zamani na hakuna aliyepiga makofi. Hii yetu ilipovunjwa nilikuwa pale pale, penseli mkononi, namrudishia mtu kikapu chake.